Kati ya wangapi?

Kila dirisha la maombi ya masta linapofunguliwa, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja: "Dokta, nataka kusoma afya ya jamii. Ni ngumu?" Wanaouliza wengi ni madaktari na wauguzi, wapo maafisa afya, na siku hizi hata watu wa uchumi na ustawi wa jamii. Nami huwajibu kwa swali: kati ya wangapi? Baadhi yao hudhani ujumbe wangu umepotea njia.

Kabla ya kurudi darasani nilikuwa wodi ya watoto, hospitali ya wilaya. Masika moja vitanda vilijaa, watoto wawili wawili, mama zao chini kwenye mikeka. Nikaandika kwenye ripoti ya mwezi kwamba malaria imepanda sana wilayani. Niliandika kwa uhakika wa mtu aliyekesha. Baadaye ikajulikana kwamba zahanati mbili za jirani ziliishiwa dawa mseto, na wagonjwa waliokuwa wakitibiwa huko wote wakaja kwetu. Huenda malaria ilipanda, huenda haikupanda. Mimi nilihesabu waliopita getini, basi.

Walimu wa hisabati wa shule ya msingi walitufundisha kwamba namba ya juu kwenye sehemu ni kiasi na ya chini ni asili. Wodini unaishi na kiasi tu. Asili iko nje ya geti: waliougua wakabaki nyumbani, waliokwenda duka la dawa, ambao hawakuugua kabisa. Masta ya afya ya jamii, ukiiondolea majoho na ada, ni mwaka mmoja au miwili ya kuitafuta hiyo namba ya chini.

Mfano tunaoanza nao darasani ni wa kipindupindu cha London mwaka 1854. Watu wanamkumbuka daktari John Snow kwa ile pampu ya mtaa wa Broad Street iliyong'olewa mpini. Ni hadithi tamu, ila mimi huipita haraka. Kazi yake iliyonikalisha kitako ni ile ya kusini mwa mji, ambako kampuni mbili za maji zilipitisha mabomba kwenye mitaa ileile, nyumba hii kampuni hii, ya pili kampuni nyingine, tajiri na maskini bila mpangilio. Moja ilichota maji ya mto Thames palipojaa uchafu wa mji. Nyingine, Lambeth, ilikuwa imehamishia mtambo wake juu ya mto mwaka 1852. Snow hakuishia kuhesabu maiti. Alitafuta idadi ya nyumba zilizohudumiwa na kila kampuni. Wateja wa kampuni ya kwanza walikufa 315 kwa kila nyumba 10,000, wa Lambeth 37. Hakuwa na darubini iliyomwonyesha kimelea. Alikuwa na asili.

Sasa tuje kwetu Tanzania. Fungua taarifa za chanjo za halmashauri, hutakawia kukutana na kiwango cha 112%. Mara ya kwanza nilicheka. Watoto 112 wamechanjwa kati ya 100 wanapatikana wapi? Wanapatikana kwenye makadirio. Idadi ya watoto lengwa hutokana na sensa, kisha huongezwa mwaka hadi mwaka kwa kasi inayokisiwa. Sensa ya 2012 ilitukuta watu milioni 44.9, ya 2022 ikakuta milioni 61.7. Kati ya hizo mbili ni miaka kumi ya kukisia, na kisio lililo sawa kitaifa laweza kuwa kichekesho kwenye kata iliyofumukiwa na machimbo au stendi mpya. Ongeza akina mama wa wilaya jirani ambao zahanati yenu iko karibu nao zaidi. Vitabu vya MTUHA, yaani vya kumbukumbu za huduma kwenye vituo vya afya, vinaweza kuwa safi kabisa, kila kijistari mahali pake, na asilimia bado ikawa ya uongo. Hatari kubwa zaidi ni kwamba 112% inaficha kitongoji kizima ambacho hakijafikiwa.

Halafu kuna 384. Hii ni namba takatifu ya tasnifu zetu. Pekua makabati ya chuo chochote, utakuta sampuli ya watu 384, mada iwe vyandarua, vyoo au shinikizo la damu. Inatoka kwenye fomula: mraba wa 1.96 (namba ya uhakika wa 95%), mara p (ukubwa wa tatizo unaoukisia), mara moja toa p, gawa kwa mraba wa nafasi ya kukosea. Ukiweka p ya 50% na kosa la 5% unapata 384.16. (Kwa haki unapaswa kupandisha hadi 385, maana hakuna 0.16 ya mtu, lakini mapokeo ni mapokeo.) Hiyo 50% huwekwa na mtu asiyejua lolote kuhusu tatizo lake, kwa sababu ndiyo inayotoa sampuli kubwa kuliko zote kwa kosa hilohilo. Mwenye fununu kwamba tatizo liko karibu na 10% fomula itampa 139. Atafurahi, kisha msimamizi atamuuliza: kukosea kwa 5% juu ya 10% maana yake jibu lako liko popote kati ya 5 na 15, hilo nalo ni jibu? Akibana kosa hadi 2%, sampuli inaruka hadi 865, na bajeti yake ya bodaboda inakufa papo hapo. Bado hajaongeza watakaokataa kujibu.

Takwimu, hata hivyo, zina mwalimu na zina programu. Kilichonitoa jasho ni neno kaya. Dodoso langu lilisema: "Kaya hii ina watu wangapi?" Nilikuwa nimeshapita barua zote, chuo, mkoa, mkurugenzi wa halmashauri, mganga mkuu wa wilaya, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, na kibali cha maadili kimo mkobani. Nyumba ya tatu, bibi mmoja akaniangalia juu ya ungo wake.

"Mjukuu wangu, unauliza wanaolala au wanaokula?"

Kulikuwa na wajukuu waliolala kwake na kula kwa mama yao, na kijana aliyekula kwake na kulala dukani. Kwa kawaida tunasema kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Lakini mimi nilikuwa nachunguza vyandarua, na mbu hajali chungu. Nilikaa chini ya mwembe wake nikaliandika swali upya, na nyumba mbili za mwanzo nikazirudia.

Neno homa nalo lilinichezea. Ukimuuliza mama kama mtoto amepata homa wiki mbili zilizopita, mmoja anasikia joto la mwili, mwingine anasikia malaria, wa tatu anakujibu haikuwa homa, ilikuwa degedege, ambayo kwake ni ugonjwa mwingine kabisa na mganga wake ni mwingine. Kwa hiyo dodoso likitafsiriwa usiku mmoja kabla ya safari, namba zitakazotoka zitakuwa nadhifu na hazitakuwa na maana.

Kuhusu yale mnayoniuliza zaidi, ada, muda, kazi: omba ruhusa ya masomo mapema, panga fedha za ukusanyaji data mbali na ada, na usichague mada inayohitaji safari za mikoa mitatu. Programu ya takwimu, iwe Stata, SPSS au R, yoyote itafaa. Madaktari wenzangu, mtasumbuliwa na takwimu mwezi wa kwanza na siasa za bajeti mwezi wa sita. Watu wa uchumi, kinyume chake.

Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja aliniletea pendekezo lake la utafiti. Ukurasa wa kumi na mbili, 384. Nikamuuliza swali langu lilelile. Hakujibu, alifungua begi akatoa nakala ya daftari la mtendaji wa kijiji, kaya moja moja kwa mkono, nyingine zimekatwa kwa kalamu nyekundu, pembeni pameandikwa "wamehama".

"Hawa waliohama," akasema, "nilikuwa nataka kukuuliza niwaweke wapi."

Tukavuta viti.