Uwanja wa Daraja A: pembetatu za zege katika mashamba ya Uingereza

Fungua ramani ya setilaiti kwenye simu, uitelezeshe juu ya mashariki ya Uingereza, kuanzia Lincolnshire kushuka mpaka Norfolk na Suffolk. Hutakwenda mbali kabla ya kukutana na umbo lisiloendana na mashamba yanayolizunguka: mistari mitatu mipana inayokatana na kuacha pembetatu katikati, na njia nyembamba inayouzunguka mkusanyiko wote kwa nje. Huo ndio uwanja wa Daraja A. Ulikuwa mchoro sanifu wa kiwanja cha ndege za mabomu, uliopitishwa na Wizara ya Anga ya Uingereza mwaka 1942, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vimepamba moto. Mashabiki wa ndege za kivita za zamani hulitaja jina hili kila mara bila kulieleza, kana kwamba kila mtu alizaliwa akilijua.

Kwa nini njia tatu za kurukia, wakati viwanja vingi vya leo vinatosheka na moja? Sababu ni upepo. Mtu wa pwani yetu ana kaskazi na ana kusi, na nahodha akijua mwezi anajua tanga litajazwa kutoka upande gani. Waingereza hawana bahati hiyo. Upepo wao wa kawaida hutoka kusini-magharibi, lakini unaweza kugeuka asubuhi na kugeuka tena kabla ya jua kuzama. Na ndege za wakati ule zilikuwa na udhaifu mmoja mkubwa zikiwa chini: zilisimama juu ya magurudumu mawili makubwa mbele na kigurudumu kimoja mkiani, na sehemu kubwa ya uzito ilikuwa nyuma ya yale mawili. Upepo ukizipiga ubavuni wakati zinakimbia, mkia husukumwa pembeni, ule uzito wa nyuma unataka kuupita wa mbele, na rubani asipowahi kuidhibiti, ndege inajizungusha yenyewe na kuvunja miguu. Ndege yenye shehena ya mabomu haitakiwi kufanya hivyo.

Ndipo wahandisi wakapanga njia tatu zikatane kwa nyuzi 60. Kila njia hutumika kutoka ncha zote mbili, kwa hiyo rubani ana pande sita za kuchagua, na popote upepo utakapotokea hautakuwa zaidi ya nyuzi 30 kutoka usoni mwake. Njia kuu ililazwa kuelekea upepo wa kawaida, ikiwa na urefu wa yadi 2,000, karibu mita 1,830. Mbili nyingine zilikuwa yadi 1,400 kila moja, karibu mita 1,280. Upana wa zote ulikuwa yadi 50. Kwenye karatasi pembetatu hukaa sawasawa; ardhini hulegalega, maana kulikuwa na kilima hapa, mto pale, au kanisa la kijiji ambalo hakuna aliyethubutu kulibomoa.

Zege nalo lina kisa chake. Kabla ya vita viwanja vingi vya Jeshi la Anga la Uingereza, RAF, vilikuwa uwanda wa nyasi tu, na ndege nyepesi ziliridhika nao. Lakini Lancaster, ndege kubwa ya mabomu yenye injini nne, ikijazwa mafuta na mabomu ilifika tani 30. Ukiiweka juu ya nyasi zilizonyeshewa na mvua ya Novemba, inazama. Serikali ikaanza kumwaga zege kwa kasi ambayo mkandarasi wa leo angeikataa: mwaka 1942 ulikuwa ukifunguliwa kiwanja kipya kwa wastani wa kila siku tatu. Kifusi cha nyumba za London zilizobomolewa na mabomu ya Wajerumani kilipakiwa kwenye treni kikapelekwa mashariki, kikawa msingi wa njia ambazo ndege za kwenda kuipiga Ujerumani zilirukia. Baada ya vita mengi ya mazege hayo yakavunjwavunjwa tena na kuwa msingi wa barabara kuu. Sijui kama kuna malighafi nyingine iliyotumikishwa hivyo.

Tuje kwenye ile njia nyembamba ya kuzunguka. Iliunganisha ncha za njia zote tatu, na kando yake ndiko ndege zilikolala. Hazikupangwa pamoja mbele ya hanga, yaani banda kubwa la ndege, kwa sababu bomu moja la adui, au moja lao wenyewe likilipuka kwa bahati mbaya, lingezimaliza zote. Zilitawanywa, kila moja na sakafu yake ya zege, mbalimbali. Sakafu za mwanzo zilikuwa duara lenye mkia mmoja wa kuingilia, na mashabiki huziita vikaango, na kweli ukizitazama kutoka juu utaona mpini. Ubaya wake ni kwamba ndege iliyoingia ililazimika kugeuzwa ndani ya duara ili itoke. Baadaye zikaja za mtindo wa miwani, vitanzi viwili vilivyotoka pande mbili za njia, ambamo ndege iliingia mdomo mmoja ikatokea mwingine bila kugeuka. Mtu mzoefu akiona vikaango na miwani kwenye uwanja mmoja, anajua kwamba ulianza kujengwa mapema kisha ukaongezwa.

Watu nao walitawanywa. Mabweni yalijengwa mbali, kwenye vijisitu na pembe za mashamba, mengi yakiwa vibanda vya Nissen: mabati yaliyokunjwa nusu duara juu ya sakafu ya zege, na jiko la makaa katikati lililowapasha joto wale waliowahi kulala karibu nalo. Uwanja mmoja ulihifadhi watu wapatao 2,000 au zaidi, na baiskeli ilikuwa mali ya thamani, maana kutoka kitandani hadi chakula, na kutoka chakula hadi kwenye ndege, ni mwendo. Stoo ya mabomu iliwekwa upande wa mbali kabisa.

Jengo linalopendwa kuliko yote ni mnara wa kuongozea ndege. Usiwazie mnara mrefu. Ni sanduku la ghorofa mbili lenye roshani mbele, na kwenye roshani hiyo walisimama makamanda na wasaidizi usiku wakihesabu ndege zinazorudi. Hesabu mara nyingi haikutimia. Kati ya warushaji wapatao 125,000 waliohudumu katika kamandi ya ndege za mabomu, 55,573 walikufa. Usiku wa tarehe 30 kuamkia 31 Machi 1944, katika shambulio la Nuremberg, zaidi ya ndege 90 hazikurudi. Mmoja wa waliokufa usiku huo aliitwa Christopher Panton. Wadogo zake, Fred na Harold, waliokuwa wakulima Lincolnshire, baadaye walinunua sehemu ya kiwanja cha zamani cha East Kirkby, wakafuga kuku, kisha wakanunua Lancaster nzima, wakaileta mwaka 1988 na kuanzisha makumbusho. Ndege hiyo hairuki, lakini huwashwa injini zote nne na kutembezwa chini, na watu hulipa kukaa ndani yake.

Hapa niseme langu. Nadhani ndege zimependelewa mno. Lancaster zilitengenezwa 7,377 na leo zinazoruka ni mbili, moja Uingereza na moja Kanada, kwa hiyo shauku ya kuziona inaeleweka. Lakini ndege iliyokarabatiwa ina bati jipya, misumari mipya na rangi mpya. Zege ni lile lile.

Kilichoiua pembetatu ni ndege za jeti. Zilikuwa na gurudumu la mbele badala ya la mkiani, hivyo zilivumilia upepo wa ubavuni, lakini zilihitaji njia ndefu. Viwanja vichache vilivyobakizwa vikaongezewa njia moja, nyingine zikaachwa ziote nyasi. Scampton, walikotokea ndege zilizovunja mabwawa ya Ujerumani Mei 1943, iliongezewa njia katika miaka ya 1950 kwa ajili ya Vulcan, ndege ya mabomu ya jeti. Njia mpya ikaifikia barabara iliyonyooka tangu enzi za Warumi, na barabara ndiyo iliyopisha: mpaka leo, ukiifuata kutoka Lincoln kwenda kaskazini, unafika Scampton inajipinda ghafla kuelekea mashariki, kisha inarudi kwenye mstari wake.

Vilivyofungwa vilipata kazi nyingine. Attlebridge, Norfolk, njia zake zimebeba mabanda marefu ya bata mzinga, yamejipanga juu ya zege kama ndege zinazongoja kuruka. Mfugaji alipata sakafu ya bure. Silverstone, uliofunguliwa mwaka 1943 kwa mafunzo ya ndege za Wellington, ulivamiwa mwaka 1947 na kundi la marafiki wenye magari, wakashindana bila ruhusa ya mtu, na mmoja wao akamgonga kondoo aliyekuwa akizurura humo. Mwaka uliofuata yakafanyika mashindano rasmi, magari yakitumia njia za ndege zenyewe na kukimbia yakielekeana, hadi ikabidi yatundikwe maturubai katikati ili madereva wasione wenzao wanawajia. Kuanzia 1949 wakahamia kwenye ile njia ya kuzunguka, na tarehe 13 Mei 1950 ndipo mbio za kwanza za ubingwa wa dunia wa Formula One zikafanyika hapo. Sehemu moja iliyonyooka bado inaitwa Hangar Straight, kwa sababu ya mahanga yaliyokuwa kando yake.

Ukitaka kujaribu mwenyewe, anza na East Kirkby kisha Attlebridge, maana hapo umbo bado linaonekana vizuri. Usitafute pembetatu kwanza. Tafuta njia ya kuzunguka: wakulima waliiacha ili matrekta yapite, hata pale ambapo zege la njia za ndege lilishang'olewa.