Je, Katiba ya Marekani inakataza ubaguzi wa kijinsia?

Wengi huamini kwamba Katiba ya Marekani inakataza waziwazi ubaguzi wa kijinsia. Kinga hiyo ipo kweli, ila si kwa maneno hayo. Neno jinsia limo katika Marekebisho ya 19 pekee, ya mwaka 1920, yanayohusu kura tu. Kinga pana hutokana na Marekebisho ya 14, ya 1868, yanayompa kila mtu ulinzi sawa wa sheria. Ilichukua hadi 1971, miaka 103 mizima, ndipo mahakama ya juu ikayatumia kubatilisha sheria ya jimbo iliyompendelea mwanamume kusimamia mali ya marehemu. Nayo Marekebisho hayo huibana serikali. Mwajiri binafsi hubanwa na sheria nyingine.

Katiba si ndefu. Isome mwenyewe: katika Marekebisho hayohayo ya 14, sehemu ya pili, utakuta wapiga kura wanaotajwa ni wanaume.