Embaire Nilianza Kuisikia Miguuni

"Mwanangu, vua viatu," mzee mmoja wa Busoga, mashariki mwa Uganda, aliniambia kabla wapigaji hawajaketi. Nilidhani ni heshima ya mahali. Kumbe alitaka nisikie vizuri.

Embaire ni marimba makubwa ya Wasoga, mbao nzito zilizolazwa juu ya vigogo vya mgomba, na wapigaji huketi pande zote mbili. Katika kijiji cha Nakibembe huwekwa juu ya shimo lililochimbwa ardhini. Shimo hilo hufanya kazi kama tumbo la gitaa: hewa iliyomo hutikisika pamoja na mbao kubwa, sauti nene zikapata nguvu. Na mgomba hautumiki kwa sababu tu umejaa mashambani. Ni laini, unauacha ubao utetemeke. Ubao ulionyooka ukipigwa, una sehemu mbili zinazokaribia kutulia, kila moja kiasi cha asilimia 22 ya urefu wake kutoka nchani, na hapo ndipo pa kuuegemeza. Uegemeze katikati, sauti inakufa.

Nilisimama peku hatua chache kutoka shimoni. Sauti nyembamba zilikuja masikioni kama kawaida. Zile nene zilipanda kwenye nyayo, zikafika magotini, na kifuani nikahisi kama mtu ananigonga kwa ndani.

Mimi ni fundi wa sauti Kampala, kwa hiyo nilitaka kujua sababu. Ndani kidogo ya ngozi tuna vipokezi vya Pacini, ambavyo huhisi mitetemo hata iwe midogo mno, hasa ile ya hezi 200 hadi 300, yaani mitikisiko 200 hadi 300 kwa sekunde. Chini ya hapo, kwenye hezi 50 hadi 100 hivi, kifua chenyewe huitikia, maana mapafu yamejaa hewa na mbavu zinanesa. Ndiyo maana empuunyi, ngoma nene ya Waganda, huingia mwilini wakati namunjoloba ndogo inabaki kichwani. Viungo vya usawa vilivyo ndani ya sikio navyo hushtushwa na sauti nene yenye nguvu, na nadhani hapo ndipo mguu unapoanza kucheza bila kuombwa. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliwasha na kuzima spika za sauti nene kabisa, hezi 8 hadi 37, katikati ya tamasha. Zikiwaka, watu walicheza kwa karibu asilimia 12 zaidi, na sauti hizo hawakuwa wakizitambua.

Zamani nilipotaka ukumbi utikisike nilipandisha kila kitu. Niliwaumiza watu masikio, na bado naona uchungu. Shirika la Afya Duniani linashauri wastani usizidi desibeli 100 kwenye kumbi za muziki. Siku hizi naongeza besi peke yake, nashusha sauti kali, na spika za besi naziweka sakafuni.

Tena natembea na maputo. Utando wa puto ni mwepisi, hewa ikitikisika nao unatikisika, na kiganja kinapokea. Juzi nilimpa dada mmoja kiziwi aliyekaa ukingoni mwa jukwaa la mbao. Alilikumbatia puto, akafumba macho, na embuutu, ngoma kubwa ya Waganda, ilipobadilisha pigo alibadilisha mabega papo hapo.