Je, wajua kwa nini meli kubwa ya kitalii si lazima iwe na msongamano mkubwa?

Kwa miaka mingi niliamini mambo mawili kuhusu meli za kitalii, na yote mawili hayakuwa sahihi. La kwanza ni kwamba tani zinazotajwa katika maelezo ya meli ni uzito wake. La pili ni kwamba anayesafiri pamoja na abiria 5,000 hubanwa kuliko anayesafiri pamoja na abiria 700. Kosa la pili lilizaliwa na la kwanza, kwa hiyo inafaa kuanza na hizo tani.

Meli iitwayo Icon of the Seas, iliyojengwa Turku, Ufini, na kuanza kubeba watalii Januari 2024, ina tani 248,663. Nambari hiyo haikutoka kwenye mizani yoyote. Inaeleza ukubwa wa nafasi yote iliyofungwa ndani ya meli: vyumba vya abiria, kumbi, jikoni, maghala, makazi ya mabaharia na chumba cha injini. Asili yake ni mapipa ya mvinyo, kwa kuwa zamani huko Ulaya chombo kilikadiriwa kwa idadi ya mapipa kiliyoweza kubeba. Watu wa pwani yetu hawakuwa mbali na fikra hiyo, maana majahazi ya Kuwait yaliyokuja na upepo wa kaskazi yalitajwa kwa idadi ya makanda ya tende yaliyoweza kupakia, wala hakuna aliyehitaji kujua jahazi tupu lina uzito gani.

Tani za namna hiyo zikigawanywa kwa idadi ya abiria, kila chumba kikihesabiwa watu wawili, hupatikana kipimo ambacho wenye shughuli hiyo hukitumia kukadiria nafasi ya kila mtu. Icon of the Seas ina abiria 5,610 kwa hesabu hiyo, na jibu ni 44. Sasa tuchukue meli ndogo za kundi la R, zilizojengwa Saint-Nazaire, Ufaransa, kati ya 1998 na 2001, ambazo baadhi yake bado zinasafiri kwa majina kama Nautica na Azamara Journey. Kila moja ilikuwa na tani 30,277 na nafasi ya abiria 684. Ukigawanya, jibu ni 44 vilevile. Meli moja ni kubwa mara nane kuliko nyingine, lakini fungu la kila abiria linakaribia kulingana.

Hata hivyo, usawa huo una walakini, na binafsi nauona kuwa sehemu ya kuvutia kuliko zote. Mkataba wa kimataifa wa 1969 wa kupima meli, ulioanza kutumika 1982, hauhesabu tani moja kwa ujazo ule ule katika kila chombo, kwa sababu kanuni yake huzidisha ujazo kwa nambari inayoongezeka kidogo kidogo kadiri meli inavyokuwa kubwa. Nikiirudisha hesabu nyuma, kila abiria wa meli ndogo anapata takriban mita za ujazo 147, na wa Icon of the Seas takriban 139. Tofauti hiyo ni ndogo, na wala haimwambii msafiri kila kitu, kwa kuwa sitaha za wazi hazimo katika tani, ilhali injini na maghala yamo. Lenye uzito zaidi ni kwamba meli kubwa hubeba familia nyingi, na watoto hulala katika vitanda vya ziada. Ikijaa kabisa, Icon of the Seas inaweza kuchukua abiria 7,600, na hapo 44 inashuka hadi kama 33. Kwa hiyo meli ile ile wakati wa likizo za shule si meli ile ile wakati shule zimefunguliwa.

Ikiwa nafasi inakaribia kulingana, basi msongamano unatoka wapi? Unatoka kwenye foleni, na foleni zina tabia ambayo akili haiitarajii. Chukua bomba la maji la mtaa, ambapo kujaza ndoo huchukua wastani wa dakika moja na watu hufika bila mpangilio. Bomba likiwa na kazi nusu ya muda wake wote, anayefika husubiri kwa wastani dakika moja. Likiwa na kazi kwa asilimia 80 ya muda, atasubiri dakika 4. Kwa asilimia 90, dakika 9. Kwa asilimia 95, dakika 19. Katika hatua mbili za mwisho watu wameongezeka kidogo tu, lakini kila mara kungoja kumeongezeka zaidi ya maradufu, kwa sababu dakika ambayo bomba lilikaa bure alfajiri haiwezi kuwekwa akiba kwa ajili ya umati wa saa moja asubuhi. Msingi wa hesabu hizi uliwekwa na Agner Krarup Erlang, mtaalamu wa hisabati wa Denmark aliyechunguza simu zinazogombea laini chache, na andiko lake la kwanza kuhusu jambo hilo lilitoka 1909.

Sasa weka mabomba matano mahali pamoja na foleni moja tu inayoyalisha yote. Bomba lolote likipata nafasi, aliye mbele analiendea, na kungoja kunapungua sana hata kama watu nao wameongezeka mara tano. Hiyo ndiyo nguvu ya meli kubwa: ina migahawa mingi, mabwawa kadhaa na lifti nyingi, hivyo panapojaa hapa, pale huwa na nafasi. Meli ndogo yenye mgahawa mkuu mmoja inaweza kuwa na foleni ndefu ya chakula kuliko jitu lenye sitaha 20. Nisisitize kwamba kanuni ya Erlang hudhani watu wanafika kwa bahati nasibu, ilhali abiria hutoka kwa pamoja onyesho linapokwisha au meli inapofunga gati, na kwa saa hizo hali huwa mbaya kuliko hesabu inavyoonyesha.

Udhaifu wa ukubwa huonekana mlangoni, kwa kuwa meli inaweza kuongezwa sitaha lakini bandari haiongezeki nayo. Huko Santorini, Ugiriki, meli hutia nanga na abiria hupelekwa ufukweni kwa boti, kisha mji wa Fira uko juu ya genge, nao huufikia kwa magari ya waya, kwa punda au kwa ngazi zinazokaribia 600. Hapo ndipo bomba lilipo. Kisiwa hicho kiliweka kikomo cha abiria 8,000 wa meli kwa siku, na Venice ilizuia meli za zaidi ya tani 25,000 kupita mfereji wa Giudecca, ulio ndani ya mji huo, kuanzia Agosti 1, 2021.

Antaktika ndipo ukubwa unapogeuka kuwa saa kamili za likizo ya mtu. Kanuni za huko zinakataza meli yenye abiria zaidi ya 500 kushusha mtu yeyote, na katika sehemu yoyote ya kushukia hawaruhusiwi kuwa nchi kavu zaidi ya abiria 100 kwa wakati mmoja. Abiria wa meli yenye watu 100 wanaweza kushuka wote pamoja. Wale wa meli yenye watu 400 hupokezana kwa mafungu manne, na katika asubuhi yenye muda wa saa nne kila fungu linabaki na saa moja ya kuwatazama pengwini, kabla ya kutoa muda wa kupanda na kushuka botini.