Je, wajua kwa nini kumwaga klorini hakuwaui kome wanaoziba mitambo ya umeme?

Septemba 1980, kinu cha pili cha kituo cha nyuklia cha Arkansas Nuclear One, kilichoko kando ya Ziwa Dardanelle katika jimbo la Arkansas, Marekani, kilizimwa. Kinu chenyewe hakikuwa na hitilafu. Ukaguzi ulionyesha kwamba maji yanayopita kwenye vipoza vya jengo la kinu yalikuwa pungufu ya kiwango cha usalama. Vipoza vilipofunguliwa, vilikutwa vimejaa kombe wa maji yasiyo na chumvi aitwaye Corbicula, kiumbe mwenye magamba mawili kama kome na mwenye asili ya Asia ambaye Marekani ilimwona kwa mara ya kwanza mwaka 1938 katika Mto Columbia. Aprili 1981, Tume ya Udhibiti wa Nyuklia ya nchi hiyo ilituma waraka kwa vituo vya nyuklia kuvitaka vikague mabomba yao, vimtafute kombe huyo pamoja na kome wa baharini.

Mtu akisikia habari hii huuliza maswali mawili papo hapo. Kwani hawakuweka wavu? Na kama wavu umeshindwa, kwa nini wasimwage klorini ya kutosha, wakamaliza kazi? Yote mawili ni maswali ya haki, na majibu ambayo wengi wetu tungeyatoa bila kusita si sahihi. La pili hasa limewagharimu wahandisi miaka mingi.

Kwanza, kiasi cha maji. Kinu cha nyuklia cha megawati 1,000 hutoa pia joto la takribani megawati 2,000 ambalo haliwezi kugeuzwa umeme, na joto hilo lazima liondolewe. Kama maji yanapita mara moja tu na kurudi ziwani au baharini yakiwa yameongezeka nyuzi 10 za Selsiasi, hesabu inatoa karibu mita za ujazo 48 kila sekunde, usiku na mchana. Ni sawa na kugeuza mto mzima upite ndani ya jengo. Na mto huja na vyote vinavyoishi ndani yake.

Wavu upo, tena zaidi ya mmoja: nondo nene za kuzuia magogo, kisha nyavu za chuma zinazozunguka na kujisafisha. Lakini kome haingii akiwa mkubwa. Mchukue kome-pundamilia, Dreissena polymorpha, mwenye asili ya mabonde ya Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi, ambaye aligunduliwa katika Ziwa St. Clair, mpakani mwa Marekani na Kanada, mwaka 1988, baada ya kusafiri katika maji ambayo meli hubeba matumboni kwa ajili ya uzito. Jike mmoja anaweza kutoa mayai hadi milioni moja kwa mwaka. Buu anayetoka kwenye yai ana upana wa sehemu 70 hivi za milioni moja ya mita. Huelea na mkondo kwa majuma kadhaa, na hata anapofikia umri wa kutafuta pa kukaa bado hajatimiza theluthi moja ya milimita. Matundu ya nyavu hizo hupimwa kwa milimita. Wavu wa kumzuia buu ungezibwa na tope na mwani kwa muda mfupi sana, na mtambo ungekosa maji kabla kome hawajafika.

Akishapita, ndani anakuta makazi mazuri kuliko ziwa lenyewe. Ukuta ni mgumu, giza limetanda, samaki wa kumla hawapo, na maji yanayotembea humletea chakula na oksijeni bila kukoma. Hutoa nyuzi ngumu zinazonata, akajifunga ukutani, na mwenzake akajifunga juu yake. Mwaka 1989, katika kituo kimoja cha umeme huko Michigan, walihesabiwa hadi kome 700,000 kwenye mita moja ya mraba. Mwaka huohuo mji wa Monroe, katika jimbo hilohilo, ulikosa maji ya bomba kwa sababu mlango wa kuvutia maji kutoka Ziwa Erie ulikuwa umezibwa.

Kombe wa Arkansas ana mbinu nyingine. Akiwa mkubwa hajishiki ukutani kwa nyuzi. Hukaa kwenye tope chini ya mabwawa ya kuvutia maji, akakua pale, kisha yeye au gamba lake tupu hubebwa na mkondo hadi mahali bomba linapokuwa jembamba. Mirija ya kipoza-mvuke, yaani kifaa kinachopoza mvuke uwe maji tena, huwa na kipenyo cha sentimita 2 hivi. Gamba lenye ukubwa unaokaribia huo hukwama mdomoni mwa mrija, na takataka zinazofuata hukwama nyuma yake. Kwa hiyo gamba la mfu huziba sawasawa na la mzima, na jambo hili litarudi tukifika kwenye dawa.

Sasa klorini. Vituo vya umeme vilikuwa vinaitumia miaka mingi kabla ya kome-pundamilia kufika Marekani, lakini kwa adui mwingine: utelezi wa bakteria unaojijenga ndani ya mirija na kuzuia joto lisipite. Utelezi hufa kwa dozi fupi. Saa moja au mbili kwa siku zinatosha. Utaratibu ulikuwepo, pampu zilikuwepo, na sheria iliandikwa kwa kuufuata. Kanuni za Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani za mwaka 1982 zinaviwekea vituo vikubwa vinavyopitisha maji mara moja kikomo cha miligramu 0.2 za klorini inayobaki katika kila lita ya maji yanayotoka, tena kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku kwa kila kinu. Ilikuwa rahisi kuamini kwamba dozi inayosafisha bakteria itamsafisha na kome. Klorini ni sumu kwa wote wawili, hilo si uongo.

Tofauti ni kwamba bakteria hawana mlango, na kome anao. Viungo vyake vya hisia huitambua klorini hata ikiwa kidogo sana, na akiitambua hufunga magamba yake mawili kwa misuli yenye nguvu, akaacha kuchuja maji. Hapo sumu iko nje na yeye yuko ndani.

Fikiria mtu aliyejifungia nyumbani, nawe uko nje unataka kumtoa kwa moshi. Ukiwasha moto mlangoni kwa saa mbili, atasikia harufu, atafunga mlango na madirisha, ataziba mianya kwa matambara, na atakula alichonacho. Ukizima moto, atafungua madirisha apate hewa, na ana saa ishirini na mbili za kupumua vizuri kabla hujarudi kesho. Utawasha moto hivyo mwaka mzima na yeye atanenepa. Ukiamua kuukuza moto mara mbili, hujabadili chochote cha maana, kwa sababu harufu ya kwanza tu ilitosha kumfanya afunge, na moshi uliozidi haumfikii. Kinachoweza kumshinda ni siku, si ukubwa wa moto. Usipouzima kabisa, itafika wakati chakula kimekwisha na hewa ya ndani imeharibika, naye hana budi kufungua mlango, moshi ukiwa bado pale pale.

Ndivyo ilivyo kwa kome. Akiwa amefunga, mwili wake hupunguza kasi ya kila kitu na kuendeshwa kwa akiba ya wanga bila oksijeni, huku taka za mwili zikijikusanya ndani. Katika maji ya joto, klorini ya karibu nusu miligramu kwa lita ikimwagwa bila kukatizwa huwamaliza kome-pundamilia wakubwa kwa majuma mawili au matatu. Katika maji baridi muda huo hurefuka, kwa kuwa mwili uliopoa hula akiba polepole. Kwa hiyo dawa ileile, kwa kipimo kilekile, hufanya kazi Agosti, majira ya joto huko, na kushindwa Desemba, majira ya baridi. Dozi kubwa sana hufupisha muda, lakini huyala mabomba, huunda kemikali mbaya inapokutana na mabaki ya mimea majini, na huwaua samaki wanaoishi mahali maji yanapotokea. Samaki hao hawana magamba ya kujifungia, na kwangu hilo ni jambo zito. Ile kanuni ya saa mbili iliacha mlango kwa tatizo hili: kituo kinaweza kuzidisha muda kikithibitisha kwamba kinahitaji kufanya hivyo ili kudhibiti wanyama wasio na uti wa mgongo wanaoonekana kwa macho, kama kome.

Ukishalielewa hilo, njia zote zinazofanya kazi zinaonekana kuwa ni namna mbalimbali za kulishughulikia gamba lililofungwa.

Njia ya kwanza ni kuwahi. Buu na kome mchanga hawana akiba wala gamba nene, kwa hiyo klorini kidogo isiyokatizwa, katika msimu wa kuzaa tu, huwazuia wasikae. Vituo vingi huona hii ni afadhali kuliko kusubiri wakue, kwa sababu ya yale magamba ya wafu. Ukiua tabaka nene la kome waliokomaa kwa wakati mmoja, nyuzi zao huoza siku chache baadaye, na shehena nzima hubomoka na kuelekea kwenye mirija. Ushindi huo unaweza kuuzima mtambo.

Njia ya pili ilitokana na majaribio ya kampuni ya KEMA ya Uholanzi, na mimi naipenda kuliko zote kwa sababu inatumia tabia ya mnyama mwenyewe. Kome hufunga haraka lakini hufungua polepole. Basi wanamwaga klorini kwa dakika kadhaa, wanaacha kwa dakika kadhaa, kisha wanamwaga tena, mchana na usiku. Kila anapoanza kufungua apumue, dawa inarudi. Mwili wake hutupwa huku na huko kati ya maisha ya oksijeni na maisha ya akiba bila kutulia katika lolote, na hudhoofika mapema. Klorini inayotumika ni pungufu kuliko ya kumwaga bila kukoma. Lakini vipindi lazima vipimwe kwa kila mahali, kwa maana kila aina ya kome ina mwendo wake wa kufungua, na joto la maji huubadilisha. Ratiba ya kituo kimoja haiwezi kunakiliwa na kingine.

Tatu, kumpa kitu asichokitambua. Zipo kemikali za jamii ya amonia ambazo kome hazishtukii, akaendelea kuchuja huku zikiharibu matamvua yake. Saa chache hadi siku moja hutosha, kisha maji huchanganywa na udongo wa mfinyanzi ili unase kemikali kabla hayajatoka. Potasiamu nayo hupita bila kugunduliwa: mwaka 2006, bwawa la machimbo ya mawe la Millbrook huko Virginia lilimwagiwa kloridi ya potasiamu na kome-pundamilia wote wakafa. Hilo lilikuwa bwawa lililojitenga, lakini, na mto wa mita za ujazo 48 kwa sekunde ni hesabu nyingine kabisa. Daniel Molloy wa Makumbusho ya Jimbo la New York alichagua chambo. Yeye na wenzake walipima aina zaidi ya 700 za bakteria hadi wakapata aina moja ya Pseudomonas fluorescens ambayo kome huila kama chakula chake cha kila siku, nayo ikaharibu tezi yake ya kumeng'enyea. Hufanya kazi hata bakteria wakiwa wamekufa, kwa hiyo hakuna kiumbe kipya kinachoachiwa ziwani.

Nne ni joto, ambalo gamba halilizuii. Kome-pundamilia hawavumilii maji ya nyuzi 37, hufa kwa takribani saa moja, na mtambo wa umeme una joto la kumwaga. Kituo cha San Onofre kwenye pwani ya California kilikuwa kikiyarudisha maji yake ya moto hadi kwenye njia ya kuingilia ili kuua viumbe waliojishika humo. Kabla ya hapo kiliongeza joto kidogo kidogo, ili samaki waliokwama ndani waogelee hadi kwenye kifaa cha kuwarudisha baharini. Si kila kituo kinaweza: mabomba lazima yawe yamejengwa tangu mwanzo kwa kuruhusu maji kugeuzwa mwelekeo.

Ili kujua vipindi vya klorini viwe virefu kiasi gani, watafiti hubandika vihisio vidogo kwenye magamba ya kome hai na kurekodi kila anapofungua na kufunga. Kifaa cha namna hiyo kina kazi nyingine mjini Warszawa, Poland. Huko, maji ya kunywa kutoka Mto Vistula hupitishwa kwanza kwenye kome wanane wa mtoni waliobandikwa vihisio. Mmoja akifunga, huenda ana sababu zake. Wakifunga wengi kwa pamoja, kengele hulia na maji huchunguzwa mara moja.