Je, wajua? Waholanzi ndio walioizamisha Uholanzi

Ndege ikitua Schiphol, uwanja mkuu wa ndege wa Uholanzi, magurudumu yake hugusa mahali palipokuwa sakafu ya ziwa. Kabla ya 1852 pale palikuwa na maji ya Haarlemmermeer, na hadi leo uwanja huo uko zaidi ya mita 3 chini ya usawa wa bahari. Kiasi cha asilimia 26 ya nchi iko chini ya usawa huo. Pahala pa chini kabisa, karibu na Nieuwerkerk aan den IJssel, pamefika mita 6.76 chini.

Wengi husema sababu ni delta: mito ya Rhine, Maas na Scheldt inamwaga tope lake pale kwenye Bahari ya Kaskazini. Jibu hilo ni la nusu. Delta ya Rufiji nayo ni tambarare, lakini haijazama. Mto hujenga ardhi mpaka kwenye usawa wa maji, haujengi shimo. Shimo la Uholanzi sehemu kubwa lilichimbwa na watu, tena bila kukusudia.

Miaka elfu moja hivi iliyopita, magharibi ya nchi ilikuwa kinamasi kikubwa kilichoinuka kuliko bahari. Udongo wake mweusi ulikuwa mimea iliyolimbikizana majini kwa maelfu ya miaka bila kuoza sawasawa. Wakulima wakachimba mitaro, maji yakateremka yenyewe mtoni, nao wakapanda nafaka. Mambo yakawa mazuri, kwa muda.

Chukua sponji ya kuoshea vyombo iliyolowa, uianike juani: itanywea. Udongo ule ulifanya hivyo hivyo, kisha ukafanya baya zaidi. Maji yalipotoka, hewa iliingia, vijidudu vikaanza kuula, nao ukageuka gesi ya kaboni dayoksaidi na kupotelea angani. Ardhi ikashuka milimita kadhaa, pengine sentimita nzima, kila mwaka. Shamba likilowa tena, mtaro ukaongezwa kina. Mtaro ukiongezwa kina, shamba likazidi kushuka. Hatimaye nafaka zikagoma, watu wakageukia ng'ombe. Kwa hiyo jibini ya Kiholanzi inadaiwa na matope yale kuliko tunavyodhani.

Kuanzia karne ya 15 maji hayakuweza tena kuteremka yenyewe, ilibidi yapandishwe. Hapo ndipo vinu vya upepo vilipopata kazi. Katika kijiji cha Kinderdijk bado vimesimama 19. Vingi havikusaga unga wowote, vilizungusha magurudumu ya kuteka maji.

Wakati huohuo watu waliukata udongo ule, wakaukausha na kuuchoma kama kuni. Mashimo yakawa maziwa, na mawimbi yakatafuna kingo. Waliuita ulafi huo mbwamwitu wa maji. Haarlemmermeer lilipanuka hivyo, mpaka mitambo mitatu ya mvuke ilipoanza kulikausha 1849. Ilichukua miaka mitatu na ushee. Ukisimama leo chini ya tuta linalozunguka bonde hilo, utaona ng'ombe anakula majani huku mashua ikipita kwenye mfereji, juu ya kichwa chake.

Mkoa wa Flevoland ni habari nyingine: hiyo ni sakafu ya bahari kweli. Tuta la Afsluitdijk, kilomita 32, liliziba ghuba ya Zuiderzee mwaka 1932, kisha vipande vikakaushwa kimoja kimoja.

Hatari ya kuishi bondeni ilionekana usiku wa kuamkia Februari 1, 1953, dhoruba ilipovunja matuta ya kusini-magharibi na kuua watu 1,836. Baada ya hapo yakajengwa mageti makubwa ya kuzuia bahari.

Geti, hata hivyo, haliinui udongo. Katika mji wa Gouda nyumba zilizosimama juu ya nguzo hubaki palepale, bustani zikashuka, wenyewe wakaongeza kifusi. Siku hizi, ili udongo usiendelee kuliwa na hewa, baadhi ya mashamba yanarudishiwa maji mitaroni, na wafugaji wananung'unika kwamba trekta zao zinakwama kwenye tope.