Je, Wajua? Kwa Nini Matokeo ya JEE Main Yana Tarakimu Saba Baada ya Nukta

Mwaka 2024, mwombaji wa kundi la jumla nchini India, yaani yule asiyetegemea nafasi zilizotengewa makundi maalumu, alihitaji kupata 93.2362181 katika JEE Main, mtihani wa kujiunga na vyuo vya uhandisi, ili aruhusiwe kufanya JEE Advanced, mtihani wa pili unaofungua milango ya taasisi za teknolojia za IIT. Mwaka 2025 kiwango hicho kilikuwa 93.1023262. Anayekutana na namba hizi kwa mara ya kwanza hudhani mambo mawili: kwamba mwombaji alipaswa kupata asilimia 93 ya alama zote, na kwamba mtihani huu hupima maarifa kwa usahihi wa kutisha, kiasi cha kumtenga kila mtahiniwa na mwenzake kwa sehemu moja ya milioni kumi. Dhana zote mbili si sahihi, na ya pili ni ngumu zaidi kung'oka, kwa kuwa hubaki hata baada ya ile ya kwanza kusahihishwa.

Ya kwanza huondolewa haraka. Namba inayotolewa ni pasentaili, na pasentaili haisemi mtu alipata alama ngapi bali inasema, katika kila watahiniwa mia, ni wangapi walipata alama sawa na zake au pungufu. Mtihani wenyewe una alama 300, zinazotokana na maswali 75 ya fizikia, kemia na hisabati. Jibu sahihi huleta alama 4, na jibu lisilo sahihi huondoa alama 1. Katika karatasi ngumu, mtu anaweza kuacha au kukosea theluthi nzima ya maswali na bado akawa na pasentaili ya 99, mradi wenzake wameumia zaidi yake.

Hadi mwaka 2018 mtihani huu uliendeshwa na CBSE, bodi ya elimu ya sekondari, na wengi waliufanya kwa karatasi na kalamu. Tangu Januari 2019 umekuwa mikononi mwa wakala wa mitihani wa taifa, NTA, nao hufanywa kwa kompyuta, kwa kawaida katika awamu mbili kwa mwaka. Watahiniwa ni zaidi ya milioni moja, na kompyuta za kuwaketisha wote kwa saa moja hazipo. Kwa hiyo kila awamu hugawanywa katika zamu, na kila zamu hupewa maswali yake. Januari 2024, karatasi ya uhandisi ilikuwa na zamu 10. Hapo ndipo tatizo linapozaliwa, kwa sababu hakuna mtunga mitihani awezaye kutunga karatasi kumi zenye ugumu ulio sawa kabisa.

Chukua mfano wa mbio zinazofanyika katika barabara kumi tofauti, moja ya tambarare, nyingine ya mlima, nyingine yenye matope, huku kila mkimbiaji akipangiwa barabara kwa kura. Kulinganisha dakika za aliyekimbia tambarare na za aliyepanda mlima kungekuwa dhuluma. Lakini ikiwa wakimbiaji ni wengi sana na kura ilikuwa ya haki, kila barabara itakuwa na mchanganyiko unaokaribiana wa wenye kasi na wazito, na hapo saa inaweza kuwekwa kando. Kila mkimbiaji huulizwa swali moja tu: katika barabara yako, uliacha nyuma sehemu gani ya wenzako? Aliyewaacha tisa katika kila kumi mlimani huhesabiwa kuwa sawa na aliyewaacha tisa katika kila kumi kwenye tambarare, hata kama dakika zao zimepishana sana.

Hesabu ya NTA ndiyo hiyo hiyo: idadi ya watahiniwa wa zamu waliopata alama sawa na zako au pungufu, ukijihesabu na wewe mwenyewe, hugawanywa kwa idadi ya wote waliofanya mtihani katika zamu hiyo, kisha huzidishwa kwa 100. Msururu wa tarakimu hutokana na kugawanya huku. Tuseme zamu moja ina watu 100,000 na nyingine 60,000. Anayeshika nafasi ya pili peke yake katika zamu ya kwanza hupata 99.999 kamili, ilhali mwenzake wa zamu ya pili hupata 99.9983333, na tatu hizo zingeendelea bila mwisho kama hazingekatwa. Zamu zikishaunganishwa katika orodha moja ya taifa, sehemu zenye vigawanyo tofauti hupishana kwa tofauti ndogo mno. Kama zingeandikwa kwa tarakimu mbili tu, watu wengi wangerundikana kwenye namba moja. Kazi ya tarakimu saba ni kupunguza mrundikano huo.

Ndani ya zamu moja, hata hivyo, hazisaidii chochote. Alama ghafi ni namba nzima kuanzia hasi 75 hadi 300, kwa hiyo hazizidi thamani 376, na baadhi hazipatikani kabisa: hakuna anayeweza kupata 299, kwa kuwa kuacha swali moja tu humshusha mtu hadi 296. Watu 100,000 wakigawanywa katika thamani chache kiasi hicho, sare haziepukiki, na waliofungana katika zamu moja wana pasentaili moja hata ukiongeza tarakimu mia. Hao hutenganishwa kwa pasentaili ya hisabati, kisha ya fizikia, kisha ya kemia, na wakiendelea kufungana, hutazamwa uwiano wa majibu mabaya kwa mazuri.

Utaratibu huu husimama juu ya dhana kwamba zamu zote zina watahiniwa wa uwezo unaolingana. Katikati ya orodha, penye maelfu ya watu, dhana hiyo ni ya kuaminika. Kileleni haina uthabiti huo, kwa sababu pale kura inaweza kuwaweka mahodari kadhaa katika zamu moja, na mmoja akimpita mwingine kwa alama 1 tu, aliyepitwa hukosa 100. Kila zamu, iwe ngumu au rahisi, ina mtu wake wa juu, naye hupewa 100 hata kama hakupata alama zote 300. Mwaka 2024 wenye 100 walikuwa 56, na mwaka 2025 walikuwa 24. Ni vigumu kusoma humo kushuka kwa vipaji, kwani idadi hiyo hutegemea pia idadi ya zamu na sare zilizotokea kileleni.

JEE Advanced, ambayo huchukua takriban watu 250,000 wa juu kutoka JEE Main, haina tarakimu hizi. Wote hufanya karatasi zilezile mbili katika siku moja, kwa hiyo alama zao hulinganishwa moja kwa moja, na wawili wakifungana hadi vigezo vyote vya kuwatenganisha vikaisha, hupewa nafasi moja.